Ukiambiwa umekosea: namna ya kupokea bila kununa

Nashona suti barazani Mbuyuni, Moshi, na kanisani ni mzee wa usharika. Kuonya wengine nimezoea. Kuonywa ndiko kulikonishinda.

Desemba, watu wakiwa wanarudi nyumbani kwa Krismasi na kila mmoja anataka suti jana, nilikata koti nikatoa mikono miwili ya kulia. Kijana ninayemfundisha kazi akaigeuzageuza, akaniuliza taratibu, "Fundi, hii si yote ya kulia?" Wateja walikuwepo. Nikamwambia, "Wewe shona." Akashona. Mkono wa kushoto ukakaa kama umevunjika. Usiku nikafumua peke yangu, kitambaa kingine nikanunua kwa hela yangu.

Siku hizi nafanya hivi.

Neno la kwanza mdomoni ni "Ngoja niangalie." Halafu naangalia kweli. Ilaze mikono miwili, upande wa mbele wa kitambaa ukiwa juu, mmoja juu ya mwenzake. Ikilingana kila kona, umekata ya upande mmoja. Mikono iliyo sahihi hulingana ikitazamana tu. Kitambaa hakijali wewe ni fundi wa miaka mingapi. Kama ugomvi ni wa hela au wa shamba, tafuta kitu cha namna hiyo: daftari, au mtu aliyekuwepo.

Sauti ya anayekuonya iache pembeni. Mke wangu akisema ukweli huusema kwa ukali. Ukali ni wake, kosa ni langu.

Kisha kukiri, na hapa ndipo wengi tunateleza. Soma 1 Samweli 15. Mfalme Sauli ameambiwa na nabii Samweli asibakize mifugo ya Waamaleki, lakini kondoo wanasikika wakilia. Anasema ni watu ndio waliowaacha, tena kwa ajili ya sadaka. Akishabanwa anakiri, ila papo hapo anamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee. Mfalme Daudi naye alichukua mke wa Uria, askari wake, kisha akapanga Uria auawe vitani; sioni kosa dogo hapo. Nabii Nathani alipomkabili, jibu lake halikufika mstari mmoja: nimemfanyia Bwana dhambi. Hakutaja watu, hakuweka "lakini". Mimi mwenye haki namtafutia hapo, si kwa mtu asiyekosea.

Kwa hiyo taja kosa na mwenye kosa. Kiswahili kina maficho mengi: "koti limeharibika", "imetokea bahati mbaya", "kulikuwa na haraka." Sema "Nimekata vibaya," nyamaza.

Lakini usikubali kila kitu ili uonekane mnyenyekevu, huo nao ni uongo. Mteja mmoja alidai nimempunguzia kiuno cha suruali. Nikafungua daftari la vipimo, nikampima upya kwa futi kamba mbele yake. Suruali ilikuwa vilevile. Tumbo ndilo lililoongezeka, tukacheka, nikamwachia nafasi kidogo nyuma.

La mwisho lilinichukua siku tatu. Nilimjibu kijana vibaya mbele ya watu, na kumwomba radhi nyuma ya mlango ingekuwa kumwibia. Nikangoja baraza lijae, nikamwambia, "Ile mikono uliiona vizuri, mimi ndiye niliyekataa kuangalia. Nisamehe."

Akainamia cherehani. Baada ya muda akasema, "Asante, fundi. Basi na ile kola ya mzee wa jana, hebu njoo uiangalie."