"Hela kidogo" kwa Kiingereza: chunga neno la mbele

Ukitaka kusema "hela kidogo" kwa Kiingereza, usiandike "small money". Wenye lugha yao husema "a small sum" au "a small amount of money". Na ile "a" usiidharau: "a little money" maana yake unazo kidogo, chai utakunywa, "little money" maana yake karibu huna kitu.

Ila kasheshe iko kwenye sifa unayoibandika. Juzi kijana mmoja wa duka pale Kariakoo alinipa simu nimsomee meseji kabla hajaituma kwa mteja wa nje. Kaandika kwamba kufunga mzigo ni kwa "a paltry fee". Nikamwambia futa, mdogo wangu. "Paltry" ni dharau, ndiyo vile vijisenti vya mtu anayelalamika kapunjwa. "Paltry sum" na "measly wages" ni maneno ya mwenye kinyongo. Bei yako mwenyewe iite "a modest fee", yaani ya kawaida, haimuumizi mtu. "A nominal fee" ni ya jina tu, chini kabisa ya thamani ya kazi. Yeye anatoza elfu tano, tukaweka "modest".

"Token payment" ni ya kuonyesha nia, kama kishika uchumba vile. "Petty cash" ibaki kwenye kisanduku cha mhasibu. Na zile sarafu za mia na mia mbili zinazogongana mfukoni ukishuka daladala? "Loose change".