Kuotesha makangaga kwa spora, kutoka jani hadi mche

Makangaga hayatoi maua wala mbegu. Huenea kwa spora, vumbi laini linalotoka kwenye vidoa vya chini ya jani. Spora ikiota hutoa kwanza protalo, kipande bapa cha kijani chenye umbo la moyo, kwa kawaida hakifiki upana wa sentimita moja. Kangaga huchipua juu yake baadaye. Wengi wakiona utando huo hudhani kopo limeota uchafu na kulimwaga.

1. Chuma jani kihambani (shamba la nyumbani la migomba), kwenye kingo za mfongo (mfereji wa maji wa Wachaga) au kwa mwenye kitalu. Usichume msitu wa Kilimanjaro, ni hifadhi ya taifa. Vidoa vya kijani ni vichanga, vya kahawia iliyokoza vilivyotuna ndivyo vinavyofaa, vilivyochakaa vimeshamwaga. Kangaga la kuning'iniza lenye majani ya kujikunjakunja gawanya shina tu, maana aina nyingi za namna hiyo hazina spora hai.

2. Laza jani juu ya karatasi nyeupe, vidoa vikitazama chini, pakavu pasipo upepo, siku moja au mbili. Inamisha karatasi ukiigongagonga: makapi huteleza kwanza, spora hubaki zimenata. Tupa makapi, ndiyo yanayoleta ukungu.

3. Changanya mboji iliyochekechwa sehemu mbili na mchanga sehemu moja. Vukisha kwenye sufuria iliyofunikwa kwa nusu saa tangu mvuke uanze. Kumwagia maji ya moto tu hakutoshi, mwani hurudi. Kopo liwe angavu, lenye mfuniko, limeoshwa kwa jiki na kusuuzwa.

4. Udongo ukipoa, gonga karatasi juu yake. Usifukie, spora nyingi huhitaji mwanga ili ziote. Nyunyiza chache mno: protalo zikibanana, katika aina nyingi zilizotangulia kukomaa hutoa kemikali inayozifanya jirani zake kuwa dume tu, na dume peke yake halizai. Funika, weka kivulini penye mwanga. Jua la Moshi la Februari hupika kopo lililofungwa.

5. Hapa ndipo wengi hukwama. Utando wa kijani huonekana baada ya wiki mbili hadi sita, mioyo hukamilika kwa miezi miwili au mitatu, kisha hakuna kinachoendelea. Sababu ni maji. Viungo vya kiume na vya kike viko upande wa chini wa protalo, na mbegu za kiume lazima ziogelee hadi kwenye yai. Unyevunyevu wa hewani hauzifikishi. Panatakiwa maji yanayoonekana. Nyunyiza maji laini kama umande hadi kila moyo ulowane, rudisha mfuniko, rudia kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa. Tumia maji ya mvua yaliyochemshwa yakapoa. Ya visima vingi vya Arusha yana chumvi inayobaki juu ya udongo. Usimwage kwa kikombe, utazing'oa. Maji yakituama chini ya kopo, mizizi midogo huoza, kwa hiyo yamimine. Arusha mwezi wa Julai baridi huchelewesha kila kitu, basi usikate tamaa mapema. Jani dogo likichomoza kwenye pengo la moyo, yai limerutubishwa.

6. Miche ikifika sentimita mbili au tatu, fungua mfuniko kidogo kidogo kwa wiki mbili. Hamisha kwa vibonge, usitenganishe mmoja mmoja, na usifukie kitovu, pale majani yanapotokea.