Kuitoa nchi ndogo kwenye dizeli: pa kuanzia na pa kungoja kwanza

Mtoto wa dadangu alikuja kutoka Moroni, Komoro, kututembelea, nikampokea uwanja wa ndege, tukirudi mjini Mombasa na tuktuk tukapita Makupa akaziona dohani za kituo cha stima cha Kipevu akashtuka. Akanambia, "Mjomba, nyinyi si mwasema stima yenu ya Kenya karibu yote ni ya mvuke na maji na upepo, hizi nazo za nini?" Nikamwambia hizo za mafuta mazito zimebaki kusaidia jioni watu wakiwasha vitu vyote pamoja, na miaka ya ukame mabwawa yakipungua, kisha sisi watu wa Pwani tuko mbali, mvuke wenyewe, ule wa chini ya ardhi, uko Olkaria kule Naivasha. Kwao yeye karibu stima yote ni dizeli, usiku na mchana, visiwa vitatu na kila kisiwa na mitambo yake, hakuna waya wa kuviunganisha. Akaniuliza, basi nchi ndogo kama yetu yaanzia wapi?

Mimi ni fundi wa majenereta, ya meli na ya mahoteli, zaidi ya miaka ishirini sasa, kwa hivyo dizeli naijua vizuri. Tulizungumza siku tatu barazani na haya ndiyo niliyomweleza. Nayaandika manake wako wengi wenye jamaa Komoro, Shelisheli na visiwa vyengine, na swali ni hilo hilo.

Kwanza kabisa, usianze na paneli. Najua kila mtu yuaanza na paneli, mfadhili akija yuataka kuona kitu chameta juu ya paa. Wewe anza na daftari la mitambo. Kila kituo cha dizeli kina daftari la zamu, saa hii tumetoa kiasi gani, mafuta yameingia lita ngapi. Chukua la mwaka mzima, si la mwezi mmoja, kwa sababu wakati wa kaskazi joto likizidi AC na mafeni yafanya kazi hadi alfajiri na wakati wa kusi matumizi yashuka, ukipiga hesabu kwa mwezi wa Julai peke yake utajidanganya. Lita moja ya dizeli kwa mtambo mzuri yatoa kama yuniti 3 na nusu hadi 4, na yuniti moja ni kilowati moja ikitumika saa moja. Kama daftari lakuonyesha 2 na nusu, ndugu yangu, shida yako ya kwanza si jua, ni mtambo mbovu au mafuta yaibwa.

Sasa tufanye mfano. Tuseme kisiwa chatumia kwa wastani megawati 15. Hizo ni yuniti 360,000 kwa siku, yaani karibu lita 90,000 za dizeli kila siku ya Mungu. Kilowati moja ya paneli pwani kwetu huku yakupa kama yuniti 4 kwa siku. Ukiweka megawati 10 za sola wapata yuniti 40,000, waokoa lita 10,000. Ni nyingi sana kwa pesa, lakini ukitazama vizuri ni sehemu moja tu kwa tisa ya matumizi yako, na yote yaja mchana wakati watu wachoma stima nyingi zaidi saa moja hadi saa nne za usiku. Hesabu hii mtu akishaiona haongei tena mambo ya "sola itamaliza kila kitu mwaka ujao".

Pili ziba pale panapovuja. Hapa Kenya zaidi ya sehemu moja kwa tano ya stima inayoingia kwenye laini haifiki kwenye bili, nyengine yapotea njiani kwa nyaya ndefu na transfoma za zamani, nyengine yaibwa. Nchi ndogo ikiwa na hali kama hiyo halafu ikaongeza sola, yamwaga maji kwenye mtungi wenye tundu. Mita za tokeni, transfoma mpya, taa za LED barabarani, hakuna atakayekuja kukata utepe kwa kazi hizo lakini ndizo zinazorudisha pesa mapema. Na maji ya moto! Barbados tangu 1974 walipunguza ushuru kwa mitungi ya kuchemsha maji kwa jua juu ya mapaa, leo nyumba nyingi na mahoteli yao hayatumii stima kuogesha mgeni. Nshaona hoteli za huku Pwani zachemsha maji kwa hita za stima huku jua lapiga juu ya paa tangu asubuhi, yaniuma kweli.

Tatu, na hapa ndipo nataka usome polepole, panga nani atabeba hasara kabla hujapanga mtambo gani utanunua. Mashine siku hizi si shida. China wanazo, Denmark wanazo, zaja kwa kontena Kilindini na bandari nyengine yoyote. Shida ni kwamba stima ya jua na upepo yalipwa yote mwanzo, mafuta yake ni bure lakini mtambo wataka pesa leo, na mwenye pesa akiona nchi ndogo isiyo na jina aweka riba ya juu kwa sababu aogopa hatalipwa. Riba hiyo ndiyo yaua mradi, wala si mawingu.

Uruguay ni nchi ya watu kama milioni 3 na nusu. Hawana mafuta yao, na miaka ya ukame walikuwa wanunua mafuta na stima nje kwa bei ya kuvunja mgongo. Kuanzia 2008 wakaipanga upya sera, na mwaka 2010 vyama vyote vya bungeni vikakubaliana juu yake, kwa hivyo serikali ikibadilika mpango haubadiliki. Kisha wakatoa tenda za upepo, mwenye bei ya chini ashinda, na kampuni ya stima ya serikali yaahidi kununua kwa miaka 20. Hapo mwenye benki moyo ukatulia. Ndani ya kama miaka kumi upepo ukatoka karibu sufuri hadi kuwa kama thuluthi ya stima yao, na zote za jua, upepo, maji na mabaki ya mimea zikapita sehemu tisa kwa kumi. Lakini sema ukweli wote, walikuwa na mabwawa tayari. Upepo ukilala wafungua maji, ukivuma wayaweka. Kisiwa kisicho na mto lazima kitafute kitu cha kufanya kazi ile ya bwawa.

Iceland nao, mafuta yalipopanda miaka ya 1970 wakakaza kuhamia joto la chini ya ardhi kwa kupashia nyumba. Mfuko wa serikali uliwakopesha wachimbaji, kisima kikitoka kikavu deni lafutwa. Kenya mwaka 2008 ikaunda kampuni ya serikali, GDC, kuchimba visima vya mvuke ili mwekezaji asiogope kisima cha kwanza. Nilimwambia mpwa wangu, nyinyi muna Karthala, mlima wa moto mzima juu ya kisiwa chenu cha Ngazidja, lakini hakuna benki itakayochimba pale kwa pesa yake mpaka serikali au mfadhili akubali kubeba kisima kikavu. Hilo ndilo la kuomba mkienda kwa wafadhili.

Na andika kwenye mkataba waya ni wa nani na wa lini. Sisi tulijifunza kwa gharama. Kule karibu na Ziwa Turkana mitambo 365 ya upepo, megawati 310, ilisimama tayari 2017 ikakaa bure zaidi ya mwaka ikingoja laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, ikawashwa Septemba 2018, na kwa sababu mkataba ulisema hivyo serikali ikadaiwa mabilioni ya shilingi kwa stima ambayo haikufika kwa mtu yeyote. Kwa nchi ndogo deni kama hilo ndiyo bajeti ya hospitali. Waya kwanza au waya pamoja, kamwe si waya baadaye.

Ukishamaliza hayo ndiyo uje kwenye kujenga, na hapa jenereta yako ya zamani ndiyo itakusumbua. Jenereta ya dizeli haipendi kufanya kazi chini ya kama asilimia 30 ya nguvu zake, injini yabaki baridi, mafuta hayaungui yote, masizi yajaa, nshazifungua nyingi za mahoteli zikiwa hivyo. Kwa hivyo jua likizidi mchana huwezi tu kuishusha jenereta kubwa hadi sifuri. Nunua ndogo ndogo badala ya moja kubwa, uzime moja moja. Kisha weka betri, na betri ya kwanza si ya kuhifadhi stima ya usiku kucha, ni ya kushika dakika chache wingu likipita ili mji usizimike. Ya usiku yaja baadaye. Tokelau, visiwa vitatu vidogo vya Pasifiki, 2012 waliweka paneli na betri wakaachana karibu kabisa na dizeli, lakini wao ni watu kama 1,500. El Hierro huko Kanari walitumia mlima, mitambo 5 ya upepo yapandisha maji kwenye shimo la volkano na upepo ukipungua maji yarudi chini kuzungusha mitambo ya kutoa stima, tangu 2014. Kisiwa chenye mlima kitazame hilo kabla hakijanunua betri zote. Na upepo upime kwa mwaka, kusi na kaskazi si upepo mmoja, mabaharia wetu wajua.

Watu usiwasahau wakati wa kupanga ukawakumbuka wakati wa sherehe. Samsø, kisiwa cha Denmark cha watu kama 4,000, kilichaguliwa 1997 kuwa cha mfano, na mitambo ya upepo mengi yakawa mali ya wakulima na wenyeji walionunua hisa, yule ambaye angelalamika kelele akawa yuahesabu mapato. Huku kwetu Lamu mpango wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulifutiwa leseni Juni 2019 na baraza la rufaa la mazingira, sababu moja kubwa ni wananchi hawakuhusishwa inavyotakiwa. Sola pia yaweza kufia hapo hapo, megawati moja yataka kama ekari 4 au 5, na kisiwani kila ekari ina mwenyewe, ina minazi, ina kaburi la babu. Mapaa ya shule, bandari, soko na msikiti ndiyo pa kuanzia.

Tuktuk na bodaboda za betri zije baada ya hapo, na zichajiwe mchana jua likiwa juu, ukichaji jioni warudi kuchoma dizeli ile ile. Kupika ni hivyo hivyo, makaa yamaliza misitu ya visiwani, presha kuka ya stima yapika maharagwe kwa bei nafuu, lakini usimwambie mama aache jiko la makaa wakati stima yakatika kila jioni.

Mwisho ni chumvi. Paneli na mitambo ya pwani yaliwa na hewa ya bahari, bolti ziwe stenlesi, inveta, zile mashine za kugeuza stima ya paneli iwe ya kutumika nyumbani, zikae ndani si ukutani upande wa bahari, na katika kila mkataba andika stoo ya vipuri na vijana wasiopungua kumi wa kisiwani wasomeshwe mpaka wafungue inveta na kuifunga wenyewe. Mpwa wangu ameondoka na orodha hiyo, Jumatatu aenda kwenye kituo cha stima kuomba daftari la mwaka jana.