Kuitoa Fitri kwa Mkono Wako: Njia ya Kuionja Furaha ya Mtoaji Siku ya Idd

Furaha ya Idd tunayoizungumza zaidi ni ya kupokea: nguo mpya, sahani ya pilau kutoka kwa jirani, na pesa za sikukuu ambazo watoto wa Unguja hukusanya nyumba kwa nyumba kabla ya kukimbilia kiwanja cha Kariakoo. Ipo furaha nyingine, ya kutoa, ndani ya zaka ya fitri, ile sadaka ya lazima ya kumalizia Ramadhani, lakini wengi wetu huikosa kwa kuwa tumezoea kuilipa kama bili ya umeme, kwa kutuma pesa kwa simu na kuendelea na shughuli zetu.

Kwanza, fanya hesabu mapema. Fitri ni pishi moja, yaani vibaba vinne, ya chakula kinacholiwa zaidi mahali ulipo, kwa kila mtu unayewajibika kumlisha, akiwemo mtoto mchanga. Kwetu chakula hicho ni mchele, na pishi hukadiriwa kuwa kati ya kilo 2.5 na 3, hivyo nyumba ya watu sita hutoa kilo 15 hadi 18. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, hutaka kitolewe chakula chenyewe wala si thamani yake, nami naiona hekima kubwa hapo, kwa maana mchele hauendi wenyewe. Lazima mtu aubebe, abishe hodi na aonane na mwenzake. Nunua mchele uleule unaoula wewe. Kumpelekea mwenzio chenga huku wa Mbeya ukibaki jikoni kwako kutakunyima raha yote ya kutoa.

Siku ya kupima, tandika mkeka na uwaite watoto. Kila mmoja ajaze pishi yake kwa mikono yake, aambiwe kwamba hii inatolewa kwa ajili yake. Mtoto aliyezoea kuhesabu alichopewa huanza hapo kuuliza mchele wake unakwenda kwa nani.

Swali hilo liwe na jibu. Wazazi na watoto ambao ni wajibu wako kuwalisha hawapewi fitri yako, kwa hiyo tazama mtaani: mjane, mgonjwa, mwalimu wa chuo cha Kurani mwenye kipato kidogo. Wahitaji wengi hawaombi, na imamu au sheha, yaani kiongozi wa mtaa, huwajua.

Kuhusu wakati, lililo bora ni asubuhi ya Idd kabla ya swala, ila wanazuoni wameruhusu kutangulia siku moja au mbili, na mimi napendelea kutangulia. Mama anayeletewa mchele mkavu alfajiri ya Idd hana nafasi ya kutafuta nazi, mafuta na bizari, na watoto wake watasikia harufu ya pilau ya jirani kabla ya yao kuinjikwa. Ukiweza, ongeza viungo hivyo na kuku mmoja, ukinuia kuwa ni sadaka iliyo nje ya fitri.

Nenda usiku, baada ya tarawehe, pamoja na mtoto mmoja au wawili, wala msipige picha. Kurani, katika sura ya Al-Baqara aya ya 264, inakataza kuiharibu sadaka kwa masimbulizi, yaani kumsimanga mtu kwa ulichompa, na udhia, na picha iliyosambazwa mtaa mzima ni masimbulizi yasiyokwisha. Amkia, kaa, uliza hali. Usiseme umeleta msaada, sema, "Hii ni fitri ya watoto, tunaomba utuombee dua." Akikukaribisha kikombe cha uji au kaimati mbili, pokea na ule, hata kama umeshiba, kwa sababu naye ana haki ya kuionja furaha unayoitafuta wewe.

Asubuhi ya Idd, mkitoka kuswali, piteni tena kwake mikono mitupu, kwa kumpa mkono wa Idd tu. Akiwawekea sinia la pilau, kaeni mle pamoja na watoto wake.