Namna ya kumtambua mtengenezaji wa boti ya zamani ya fiba kabla ya kuinunua

Hapa Bukavu, ukiuliza boti ya fiba inayouzwa ni ya nani, jibu la haraka litakuwa "ni Yamaha". Anayekujibu hivyo mara nyingi amesoma kifuniko cha motere tu. Yamaha wanatengeneza motere na boti za fiba vilevile, vyote tangu 1960, lakini motere hufunguliwa leo na kesho iko kwenye boti nyingine. Wewe mtafute aliyejenga mwili wa boti. Huyo ndiye aliyeamua ni mbao gani ifichwe ndani ya ukuta wa nyuma, motere kubwa kiasi gani ifungwe, na watu wangapi wapande. Kwenye ziwa Kivu, ambako tunajaza watu na mizigo, hayo ni mambo ya uhai.

Kazi yangu ni kutengeneza boti za fiba, na mteja akiniita kabla hajatoa dola zake, ninafuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Boti ivutwe nchi kavu

Omba na motere ifunguliwe. Njoo na tochi, kitambaa, brashi laini, karatasi nyembamba, penseli, mita na simu. Msasa uache nyumbani: namba unayoitafuta unaweza kuifuta kwa mkono wako mwenyewe.

Hatua ya 2: Tafuta namba ya mwili

Simama nyuma ya boti ukiangalia mbele. Namba huwa kwenye ukuta wa nyuma, upande wa kulia, karibu na ukingo wa juu. Boti zilizotengenezwa Marekani au kuuzwa kule zinalazimika kuwa na namba hiyo tangu Novemba 1972.

Boti zetu zimepakwa rangi juu ya rangi, kwa hiyo usitegemee kuiona wazi. Osha sehemu hiyo, ikauke, halafu subiri jua lipungue au funika kwa turubai. Weka tochi ubavuni kabisa, mwanga uteleze juu ya ukuta. Herufi zina urefu wa milimita 6 hivi, na kivuli chake kitatokea hata chini ya tabaka mbili za rangi. Zisiposomeka, bandika karatasi juu yake na usugue kwa ubavu wa penseli, polepole, bila kukandamiza. Piga picha ya ukuta, piga na ya karatasi.

Hatua ya 3: Isome vizuri

Namba ya Kimarekani ina herufi na tarakimu 12. Tatu za kwanza ni msimbo wa mtengenezaji, kwa mfano BWC ni Boston Whaler. Tano zinazofuata ni namba ya boti yenyewe, na nne za mwisho ni tarehe.

Kwenye tarehe wengi hupotea. Chukua ABC12345A585: A ni Januari, 5 ni mwaka 1985, na 85 ni mwaka wa modeli. Huo ni mtindo ulioanza Agosti 1984. Kabla yake ulikuwepo mtindo wa herufi M, kama ABC12345M79A. Huko A ni Agosti, kwa sababu mwaka wa modeli ulianza Agosti. Boti hiyo ni ya Agosti 1978, modeli ya 1979. Nyingine za miaka hiyo ziliandikwa mwezi na mwaka kwa tarakimu tu.

Boti za Ulaya hutanguliza herufi mbili za nchi. Ukikuta FR-BEY, hiyo ni ya Ufaransa, imejengwa na Beneteau.

Msimbo wa Kimarekani utafute kwenye orodha ya walinzi wa pwani wa Marekani, iko wazi kwenye intaneti. Angalia na miaka: kampuni ikifungwa, msimbo wake unaweza kupewa nyingine.

Hatua ya 4: Linganisha

Tangu Agosti 1984 boti ya Kimarekani ina namba hiyohiyo mahali pa pili, imefichwa ndani au chini ya kifaa fulani. Zikitofautiana, au ukikuta ribiti mpya kwenye boti kuukuu, acha kujadili bei mpaka upate maelezo yenye karatasi.

Tafuta pia kibati cha uwezo karibu na usukani. Cha Marekani, kwa boti ndogo, kinataja watu, uzito na nguvu ya motere. Cha Ulaya kina alama ya CE, iliyokuwa lazima kuanzia Juni 1998, na herufi A hadi D, inayoonyesha boti inafaa mawimbi gani. D ni ya mawimbi ya sentimita 30 tu. Anayevuka kwenda kisiwa cha Idjwi asiinunue.

Hatua ya 5: Kama hakuna namba

Inaweza kuwa ya kabla ya 1972. Pima urefu na upana, piga picha za omo na mistari ya tumboni, kisha linganisha na katalogi za zamani.

Au ni nakala: mtu aliifunika boti nzuri kwa fiba, akapata kalibu, akamimina nyingine. Nakala hujitaja kwenye mikwaruzo. Mkwaruzo wa kweli hukata rangi na kuonyesha tabaka la chini. Ule uliotoka kwenye kalibu una rangi nzima hadi ndani ya mfereji wake. Sikatai nakala, nyingine zimejengwa kwa moyo, ila isiuzwe kwa bei ya jina la mwingine. Fungua kizibo cha tundu la kutolea maji uone unene wa fiba na mbao ya ndani. Mbao nyeusi, yenye maji, inamaanisha ukuta wa nyuma utajengwa upya.

Hatua ya 6: Iandike

Kwenye karatasi ya mauzo weka namba ya mwili kwenye mstari wake na ya motere kwenye mstari mwingine, zote zikisomwa kwa sauti mbele ya mashahidi wakiwa wamesimama nyuma ya boti. Komisioneri, yaani dalali, naye atie sahihi.