Tui zito liingie mwisho

Kama maziwa ya ng'ombe yanakusumbua tumbo, tui la nazi linatosha kabisa jikoni, ila lina adabu zake. Samaki au mboga zipikie kwa tui jepesi. Kasimele, lile zito la kwanza, litie mwishoni kwa moto mdogo, ulikoroge taratibu, ulichote na kulirudisha kwa upawa mpaka lianze kutokota pembeni. Usiliache peke yake! Likichemka kwa fujo linakatika: utaona mafuta yameelea na chembechembe nyeupe kwenye mchuzi. Ndimu kamulia sufuria ikishaepuliwa.

Kwa mahamri, kandia tui vuguvugu, maana la moto linaua hamira. Na mafuta ya kukandia punguza, tui lenyewe linayo.