Somo: Ripoti ya historia ya gari uiamini mpaka wapi

Muuzaji akikutolea simu akasema, "Gari safi, ripoti hii hapa," mwulize imetoka wapi. Ripoti hubeba kile tu ambacho mtu fulani alikiandikisha. Gari likigongwa Gede, likanyooshwa na fundi bodi hapa Malindi kwa pesa taslimu, ajali hiyo haimo katika ripoti yoyote.

Magari mengi tunayonunua yalitoka Japani kupitia bandari ya Mombasa, yakiingia kabla ya kupita miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza. Maisha yake ya Japani yana maandishi mengi. Ya huku yana machache mno, na uongo mwingi hukaa huku.

Hatua ya 1. Soma namba ya chesesi kwenye bodi lenyewe. Usiridhike na iliyo kwenye logbuku, yaani hati ya umiliki wa gari. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani huwa na namba fupi yenye kistari katikati, si ile ya tarakimu na herufi 17. Kwa hivyo huduma za Marekani kama Carfax hazilijui kabisa. Anayekuuzia ripoti ya Marekani kwa Toyota Probox ya Japani amekuuzia hewa.

Hatua ya 2. Tafuta karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari lilipouzwa mnadani Japani. Mkaguzi wa mnada huchora gari na kutia alama: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyorekebishwa, XX ni kipande kilichobadilishwa, S ni kutu. Gredi ya R au RA humaanisha gari lilitengenezwa baada ya ajali. Usipokee picha aliyokutumia broka, maana karatasi hizi huhaririwa, na gredi ya 3.5 ikawa 4.5 kwa dakika moja. Lipia nakala mwenyewe kwa namba ya chesesi. Usipoipata, si lazima pawe na hila: si kila gari hupitia mnadani.

Hatua ya 3. Omba cheti cha Japani cha kusafirishia gari nje. Huko gari jipya la kibinafsi hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na kilometa huandikwa. Cheti kikisema 98,000 na mita ya leo inasoma 61,000, huna haja ya kubishana na mtu. Vaa viatu, nenda zako.

Hatua ya 4. Fanya upekuzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani Kenya, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ada ni ndogo. Linganisha jina la mwenye gari na kitambulisho cha anayekuuzia, kisha chesesi, injini na rangi. Upekuzi huu husema gari ni la nani. Hali ya gari hausemi.

Hatua ya 5. Fundi wako, si wa muuzaji. Pwani hii adui ni chumvi. Inua zulia, toa tairi la akiba uangalie chini yake, lala uvunguni. Ukikuta rangi nyeusi mbichi imepulizwa chini nzima, gonga kwa bisibisi usikie kama chuma kimeliwa na kutu. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho: tope kwenye ncha ya ndani ni dalili kwamba gari liliwahi kuingia maji.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Watamu): Mwalimu, muuzaji ana fotokopi tu ya logbuku. Anasema ya asili iko benki.

Jibu: Basi gari ni dhamana ya mkopo, ndugu yangu. Usimpe hata shilingi ya "kushikia". Nendeni pamoja kwa mkopeshaji, mpate baki la deni kwa maandishi, deni ulipe huko huko, na barua ya kuliachilia gari itoke mbele yako.

Swali (Mambrui): Karatasi ya mnada ni halali, gredi 4. Lakini gari limekaa Malindi miaka mingi. Bado nina neno?

Jibu: Una neno dada, tena kubwa. Ile ni hali ya siku ya mnada. Itumie kujua lilikotoka: penye W ya zamani hapatakushtua, lakini putty (ile lipu ya kusawazishia bodi) mahali ambapo karatasi haina alama imepigwa huku, na muuzaji aieleze.

Swali (Shela, Malindi): Mashine ya kompyuta ya fundi haiwezi kutwambia kilometa za kweli?

Jibu: Kwa baadhi ya magari huweza, kwani kilometa huhifadhiwa zaidi ya pahali pamoja na mrudishaji mita husahau pengine. Kwa mengine hakuna kitu. Mashine ina faida nyingine: mwambie fundi aangalie kama majaribio ambayo kompyuta ya gari huifanyia injini yamekamilika. Yakiwa hayajakamilika, huenda kuna aliyefuta kumbukumbu za makosa kwenye kompyuta hiyo hivi karibuni, au betri ilifunguliwa. Liendesheni mpaka Gongoni na kurudi, kisha mpime tena.